Darubini ya Nyota: Pesa Iende Kwenye Kipenyo

Kwenye boksi za darubini za bei nafuu huandikwa kwa herufi kubwa kwamba zinakuza mara 525. Nambari hiyo ina asili yake. Ukuzaji hupatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa darubini kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho. Bomba lenye fokasi ya milimita 700 likitiwa lenzi ya milimita 4 linakuza mara 175. Ongeza ile lenzi ndogo ya kuzidisha mara 3 inayokuja ndani ya boksi, unafika 525. Hesabu ni sahihi, na ndiyo inayomtia hasara mnunuzi.

Lenzi ya mbele ya darubini kama hiyo aghalabu ina upana wa milimita 60. Watazamaji wazoefu hukadiria kwamba kila milimita ya kipenyo inabeba ukuzaji wa mara 2, kwa hiyo kikomo chake ni mara 120. Ukipita hapo huoni jambo jipya, unatanua ukungu uleule. Mwanga nao unakuponyoka: kutoka mara 50 hadi 525, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo kubwa mara 110, na sura inafifia kwa kiasi hichohicho. Mtoto aliyeahidiwa Zohali anaonyeshwa doa la kijivu linalotetemeka, kisha darubini inapandishwa juu ya kabati. Inaniuma, kwa sababu Zohali haidai makubwa. Pete zake zinatambulika kwa mara 30 hivi, isipokuwa katika vipindi vinavyotuelekezea ukingo wake mwembamba, kama ilivyokuwa Machi 2025. Galileo Galilei aliiona miezi minne ya Mshtarii mnamo Januari 1610 kwa chombo kilichokuza takriban mara 20.

Kipenyo ndicho cha kuulizia kwanza dukani. Mboni ya jicho ikishazoea giza hufunguka kama milimita 7. Mwanga unaokusanywa huongezeka kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo lenzi ya milimita 60 inakusanya mara 73 ya jicho, kioo cha milimita 150 mara 459, na cha milimita 200 mara 816. Undani nao hufuata upana. Lenzi ya 60 hutenganisha vitu vilivyoachana sekunde 2 za pembe, ya 150 sekunde 0.8. Kwenye Mwezi, ulio umbali wa wastani wa kilomita 384,400, sekunde moja ni kama kilomita 1.9. Hivyo darubini ya 60 inakomea kwenye mambo ya ukubwa wa kilomita 3.6, na ya 150 inashuka hadi kilomita 1.4 hewa ikitulia.

Sasa bei. Huko Marekani, darubini mpya ya lenzi ya milimita 60 huuzwa kama dola 70, na ya kioo cha milimita 150 yenye kitako cha mbao kama dola 350. Ukigawanya kwa eneo la kukusanya mwanga, ya kwanza inakugharimu dola 2.5 kwa sentimita moja ya mraba, ya pili dola 2. Ile inayoonekana ghali ndiyo rahisi. Sababu ni John Dobson, aliyekuwa mtawa huko San Francisco, ambaye alisaga vioo kutokana na vioo chakavu vya madirisha ya meli na kuviweka juu ya masanduku ya mbao yanayozunguka bila gia wala mota. Mwaka 1968 yeye na wenzake waliunda chama cha kuwaonyesha wapita njia nyota barabarani, na kitako chake kikaenea duniani.

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki kuna mzani mwingine, wa kilo. Dobson ya milimita 150 ina uzito wa kama kilo 15 na bomba la zaidi ya mita moja, hivyo usafiri wa ndege na ushuru vinaweza kukaribia bei yenyewe. Ndiyo maana ningeshauri ya milimita 130 ya kuweka mezani, yenye bomba linalokunjika. Ina kama kilo 6, inapatikana kwa takriban dola 250, na inakusanya mwanga mara 345 ya jicho. Tafuta tu meza isiyotikisika, maana ukikuza mara 100, mtikisiko nao unakuzwa mara 100.

Jihadhari na stendi zinazoitwa za ikweta. Mhimili wake lazima uende sambamba na mhimili wa Dunia. London unainuliwa nyuzi 51. Dar es Salaam nyuzi 7 tu, karibu kulala kabisa. Stendi nyingi hazikutengenezwa kushuka kiasi hicho, na uzani wake hugonga miguu. Kitako cha Dobson hakina shida hiyo. Kinasumbua kidogo kwa kitu kilicho utosini, na kwetu sayari hupita karibu na utosi, basi subiri kishuke kidogo. Kukisogeza kwa mkono ni kazi ya kudumu: anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na kwa lenzi ya kawaida kitu huvuka uwanja wa kuona kwa dakika 4 ukikuza mara 50, na kwa dakika moja tu ukikuza mara 200.

Mwezi na sayari utaviona hata juu ya paa Kariakoo. Nebula na magalaksi vinataka giza. Anga lote lina nyota kama 9,000 zinazoonekana kwa macho, nusu yake zikiwa juu ya upeo kwa wakati mmoja. Mjini unabaki na mamia machache au pungufu. Kioo kikubwa hakiokoi hapo, kwani kinakusanya pia mwanga wa taa za barabarani. Nauli ya basi hadi kijijini itakupa zaidi ya dola 200 za kipenyo. Ukifika, yape macho dakika 20 hadi 30 bila kuwasha simu.

Shule ingeweza kugawana gharama. Dola 350 kwa darasa la wanafunzi 40 ni pungufu ya dola 9 kwa kila mmoja, na kioo kinachotunzwa hudumu miongo. Nchini Kenya, Susan Murabana na mwenzake wamekuwa wakipeleka darubini mashuleni kupitia Travelling Telescope tangu 2014.

Aliye na chini ya dola 100 anunue darubini ya macho mawili iliyoandikwa 10x50, ya aina wanayobeba waongoza watalii. Itamwonyesha Kilimia, nebula ya Orion na, kuelekea kusini, kundi la Omega Centauri. Asiielekeze kwenye Jua kamwe bila kichujio maalumu mbele ya lenzi zote mbili. Jicho huungua kabla halijahisi maumivu.