Mahari: neno moja, maana tatu

Makala haya yanakusudia kueleza neno «mahari» jinsi linavyotumika katika maandalio ya ndoa mjini Lubumbashi. Miezi inayotangulia arusi hujaa hesabu za mavazi, chakula, ukumbi na wageni. Hata hivyo, mara nyingi kinachohatarisha arusi ni neno hilo moja, ambalo jamaa mbili hulitamka pamoja bila kulielewa sawasawa.

1. Maana ya dini

Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu. Katika sheria ya Kiislamu, mahari ni mali ambayo mume humpa mke, nayo ni haki ya mke mwenyewe. Baba hawezi kuitwaa bila ridhaa ya binti. Ndiyo maana inayofundishwa kwa Waislamu wa Maniema, ambako Kiswahili kilifika pamoja na misafara ya biashara katika karne ya 19.

2. Maana ya mila

Kwa Waluba wengi wa Katanga, wanaofuata ukoo wa baba, mahari hutolewa na jamaa ya mwanamume na kupokelewa na jamaa ya msichana. Ndiyo inayothibitisha kwamba watoto watahesabiwa katika ukoo wa baba. Kwa Wabemba mambo ni mengine: watoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti kubwa. Zamani mchumba wa Kibemba alitoa vitu vichache tu, lakini alikaa kwa wakwe na kuwafanyia kazi kwa miaka kadhaa.

Migodi ya shaba iliwakusanya watu wa mila hizo zote katika mji mmoja, na mshahara ukachukua nafasi ya jembe. Hivyo basi, kijana wa Kiluba akimposa binti wa Kibemba, jamaa zote mbili huhesabu fedha zilezile. Upande mmoja huona kwamba umekwisha kuwapata watoto watakaozaliwa. Upande wa pili huona umepokea heshima tu. Ugomvi huo hujitokeza baadaye, hasa mmoja wa wazazi anapofariki.

3. Maana ya serikali

Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mahari itolewe kwa wazazi wa msichana, na ndoa haiwezi kufungwa ikiwa haijatolewa walau sehemu yake. Maana yake ni kwamba mchumba asiye na fedha zote halazimiki kungoja mpaka amalize. Ila wakwe wakidai yote kwanza, siku ya arusi huahirishwa, au kijana huanza maisha ya ndoa akiwa na madeni.

Kwa kifupi, kabla ya kukodi ukumbi, yafaa mshenga aulize mambo manne mbele ya pande zote mbili: mahari ni kitu gani, nani ataipokea, itatolewa kwa vipindi gani, na inaamua nini juu ya watoto. Majibu yaandikwe na kutiwa sahihi. Msichana naye aulizwe, kwani katika maana moja kati ya hizo tatu, mali hiyo ni yake.