Maji Yanavyomsaidia Mzee Kusimama Imara

KUANGUKA kwa mtoto ni mchezo, lakini kuanguka kwa mzee ni msiba. Mtoto akianguka hujipangusa vumbi na kuendelea kukimbia. Mzee wa miaka 70 akiteleza mlangoni huenda akavunjika nyonga, akalazwa miezi kadhaa, na wengine hawainuki tena kitandani.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 684,000 hufariki kila mwaka ulimwenguni kutokana na kuanguka. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha wastani, na wanaoathirika zaidi ni wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Hapa Kenya, sensa ya 2019 ilionyesha kwamba watu wa umri huo walikuwa wamefika milioni 2.7.

Wasomaji wengi wa mjini wana wazazi mashambani. Anayetoka Kitui au Makueni anaijua vyema kazi ya susu na umau, kama Wakamba wanavyowaita nyanya na babu. Mama mzee huteremka hadi kwenye mto uliokauka, akachimba mchangani kutafuta maji, kisha akapanda kilima na mtungi wa lita 20 mgongoni, ukanda ukiwa kwenye kipaji cha uso. Huo ni mzigo wa kilo 20 unaomvuta nyuma ilhali njia ni ya mawe. Akiwa na miaka 40 hakuliona jambo hilo. Akiwa na miaka 70, hatua moja mbaya yatosha kumwangusha.

Kwa nini mzee hupepesuka?

Mwili husimama wima kwa msaada wa vitu vinne: macho, sikio la ndani, mishipa ya fahamu ya nyayo na nguvu za misuli ya miguu. Ubongo hupokea habari kutoka kwa macho, sikio na nyayo, kisha huiamuru misuli ijirekebishe. Umri unaposonga, vyote hivi hupungua. Mtoto wa jicho hutia ukungu machoni. Kisukari huua ganzi nyayo, mzee asihisi anakanyaga wapi. Misuli ya mapaja hunywea. Baadhi ya dawa, hasa za usingizi na za shinikizo la damu, huweza kuleta kizunguzungu mgonjwa anaposimama ghafla.

Kisha kuna adui wa tano, nayo ni hofu. Mzee aliyeanguka mara moja huogopa kutembea. Akiacha kutembea misuli huzidi kudhoofika, na hivyo hatari ya kuanguka tena huongezeka. Hapa ndipo matibabu ya viungo kwa maji yanapomfaa.

Maji hufanya kazi gani?

Fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, imetumia maji kwa miaka mingi. Huko London, mwaka wa 1949, James McMillan alianza kuwafundisha watoto wenye ulemavu jinsi ya kutawala miili yao majini, na njia yake ya Halliwick hutumiwa hadi leo na watu wa umri wote. Nchini Japani, Jun Konno alibuni Ai Chi, mazoezi ya polepole yanayofanywa mtu akiwa amesimama ndani ya maji ya vuguvugu.

Siri ya maji ni tatu. Kwanza, hubeba mwili. Mtu akisimama maji yakiwa kiunoni, miguu hubeba takriban nusu tu ya uzito wake. Yakifika kifuani, hubeba karibu theluthi moja. Mzee mwenye magoti yanayouma huweza basi kutembea bila maumivu makali.

Pili, maji ni mazito kuliko hewa, kwa hiyo huukinza mwili. Kila hatua ni kazi kwa misuli, na kadiri unavyoongeza kasi ndivyo maji yanavyozidi kukukinza. Mtu hupata nguvu bila kuinua chuma.

Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, maji huchelewesha kuanguka. Kwenye sakafu, mzee akiyumba huwa chini kabla hajajua kilichotokea. Majini huenda chini polepole, na mwili hupata muda wa kujirekebisha. Anaweza kujaribu kusimama kwa mguu mmoja, akakosea, akajaribu tena mara kumi bila kuvunjika mfupa. Ubongo hujifunza, na ile hofu hupungua.

Si lazima ajue kuogelea. Hutembea mbele, kando na nyuma, akishika ukingo mwanzoni. Huinuka kwa vidole vya miguu, husimama kwa mguu mmoja, na mtaalamu huweza kuyatikisa maji ili ajifunze kusimama imara. Dakika 10 hadi 15 zatosha kwa kuanzia, kisha huongezwa hadi nusu saa, mara mbili au tatu kwa wiki. Maji ya tiba huwa na joto la nyuzi 33 hadi 35 hivi. Vidimbwi vya kawaida huwa baridi kuliko hapo, kwa hiyo ni bora kwenda jua likiwa limepanda.

Nani asiingie?

Mwenye kidonda kibichi, homa, kuhara, kifafa kisichodhibitiwa au moyo uliodhoofika sana asiingie kabla ya kumwona daktari. Maji yafikayo kifuani husukuma damu kuelekea moyoni, na moyo mgonjwa huenda ukalemewa. Mzee asiachwe majini peke yake hata kwa dakika moja. Atoke polepole, kwa maana miguu huwa mizito na shinikizo la damu huweza kushuka. Sakafu ya kando ya kidimbwi nayo huteleza. Itakuwa ajabu mtu aende kutibiwa kuanguka, kisha aangukie hapo.

Mto si kidimbwi

Huenda msomaji akauliza: tiba ya maji katika Ukambani, mahali ambapo maji ya kunywa yenyewe ni shida? Swali hilo ni la haki. Kidimbwi kidogo cha mita 10 kwa 5, chenye kina cha mita 1.2, huhitaji lita 60,000. Hiyo ni mitungi 3,000 ya lita 20. Ndiyo sababu vidimbwi hupatikana zaidi mijini, katika hoteli, na wala si vijijini.

Lakini mtu asidhani kwamba mto au bwawa la ng'ombe litafaa badala yake. Maji yaliyotuama huweza kuwa na konokono wanaoeneza kichocho, ugonjwa ambao vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi. Mto Athi, unaopita mpakani mwa Kitui na Makueni, una mamba na hubeba uchafu kutoka Nairobi. Tena sakafu ya mto haionekani, na shimo moja la mchanga latosha kumzamisha mzee.

Asiye na kidimbwi afanyeje?

Habari njema ni kwamba maji ni daraja tu. Mzee haishi majini, na mwishowe ni lazima ajifunze kusimama imara kwenye ardhi anayoikanyaga kila siku. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka wa 2019, uliojumlisha majaribio 108 yaliyohusisha watu zaidi ya 23,000 katika nchi 25, ulionyesha kwamba mazoezi hupunguza visa vya kuanguka kwa asilimia 23. Mengi ya mazoezi hayo hayakuhitaji maji.

Kwa hiyo mzee anayeweza kusimama aanzie nyumbani, akishika meza nzito au ukuta, huku mtu akiwa karibu naye:

• Ainuke kitini na kuketi mara 10 bila kutumia mikono, akiweza.

• Ainuke kwa vidole vya miguu, kisha kwa visigino, mara 10.

• Asimame mguu mmoja ukiwa mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, kwa sekunde 10. Asiyeweza kufanya hivyo yumo katika hatari kubwa ya kuanguka, na afaa kuonwa na mtaalamu.

• Atembee kando kando hatua 10 kila upande.

Afanye hivyo angalau mara tatu kwa wiki, bila kuacha. Nguvu zinazopatikana kwa miezi mitatu hupotea upesi mtu akilala.

Hospitali za rufaa za kaunti zilizoko mjini Kitui na Wote zina idara za fiziotherapia. Anayetafuta mtaalamu wa kibinafsi ahakikishe amesajiliwa na baraza la wanafiziotherapia, lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2014. Hilo ni muhimu hata zaidi kwa anayetaka kumwingiza mzazi wake majini.

Wewe msomaji uliye mjini, utakapoenda nyumbani usibebe sukari na unga peke yake. Mtazame mama anavyoinuka kitini. Muulize kama ameanguka mwaka huu, kwa maana wazee wengi huficha jambo hilo wasije wakakatazwa kwenda shambani. Beba dawa zake zote umwonyeshe daktari. Mpeleke apimwe macho. Mnunulie viatu vya kubana visigino badala ya ndala, na taa ya kwenda nayo msalani usiku. Na zaidi ya yote, tafuta njia ya kumwondolea mtungi ule mgongoni, uwe wa punda, wa mkokoteni au wa tangi la kukinga maji ya mvua. Kumtibu mzee usawa wa mwili kisha kumrudishia kilo 20 za kupanda nazo kilima ni sawa na kutwanga maji kwenye kinu.