Samaki wa Kula Mwani Katika Tangi Dogo la Nyumbani

Alasiri moja mwanetu wa darasa la nne alituita mbele ya tangi la samaki, akatuuliza mbona kioo kimegeuka kijani. Tangi letu si kubwa. Huchukua lita 60 hivi, nasi tulikuwa tumeliweka sebuleni kando ya dirisha ili wageni wapate kuliona. Utando ule ulikuwa mwani wa maji matamu, ndugu wa mbali wa mwani wanaoulima akina mama wa Kibuyuni, kule Kwale. Samaki haukuwadhuru, ulioudhi ni macho yetu tu.

Tukaenda dukani kutafuta samaki wa kuula. Muuzaji akatupa kambare mdogo mwenye madoadoa, urefu wake kama kidole, kinywa chake kikiwa upande wa chini na kimeumbwa kwa kunata kiooni. Akatuambia kwamba huyo ndiye msafishaji, na kwamba kitambaa hatutakishika tena. Tulimwamini. Mwaka haujatimia, kambare alikuwa akikaribia shubiri nzima, hageuki ila mkia ugonge kioo, na mwani alikuwa amekwisha kuupuuza kwa chakula cha wenzake. Kinyesi chake kiliyachafua maji kupita vile chujio letu lilivyoweza kustahimili. Gapi wawili wa mwanetu walikufa katika juma moja, akawazika chini ya mpapai, na swali alilotuuliza siku ile hatukuwa na jawabu lake: je, hatukujua kwamba atakua?

Hatukujua kwa sababu hatukuuliza. Kambare huyo huitwa pleko, asili yake ni Amerika ya Kusini, naye hufika sentimita 30 na zaidi. Si samaki mbaya; ni samaki wa hodhi kubwa. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alitushauri tukamwachie mtoni. Tunashukuru hatukumsikiliza. Huko Florida na Meksiko pleko waliotoka katika mikono ya wafugaji wamejaa mitoni na mabwawani. Huchimba mashimo kwenye kingo, na nyavu za wavuvi zikapata wao badala ya kitoweo. Wetu tulimpelekea mtu mwenye hodhi la saruji uani mwake.

Basi kwa tangi dogo achaguliwe nani? Yuko samaki aitwaye otosinklusi, asiyezidi sentimita 4 au 5, ambaye kazi yake mchana kutwa ni kuparuza utando laini majanini na kiooni. Vitabu vingi humsifu. Lakini hupenda kuishi na wenzake wasiopungua wanne au watano, hupenda maji laini yasiyo moto sana, na katika tangi jipya lisilo na utando hufa njaa polepole bila mwenyewe kutambua. Mkimwona dukani, mtazameni tumbo: likiwa limebonyea, mwacheni. Mla-mwani wa Kichina, anayeuzwa akiwa mdogo na mwenye haya, ndiye wa kuepukwa kuliko wote. Akikua hupita sentimita 20, huwa mkali, tena hunata ubavuni mwa samaki wengine na kuwafyonza.

Sisi wa pwani tuna jambo letu la kuangalia, nalo ni maji. Nyumba nyingi hutumia maji ya kisima, magumu na yenye munyu kidogo, na chumba cha Mombasa huyapasha moto hata bila mtambo. Maji kama hayo humchosha otosinklusi, lakini moli huyafurahia. Moli asili yake ni Meksiko na nchi za jirani zake, na kwao huishi hata penye mchanganyiko wa maji ya mto na bahari. Haparuzi kioo kikawa safi kabisa, ila hudonoadonoa mwani siku nzima, hasa asiposhibishwa kupita kiasi. Chagueni madume peke yao, watatu watatosha. Dume hutambulikana kwa pezi la chini lililochongoka kama kijiti. Mkichukua jike, hata akiwa pekee, huenda amebeba mimba tayari, na baada ya wiki chache mtakuwa mnagawa vifaranga mtaa mzima.

Konokono pia hula mwani vizuri, lakini wanunuliwe kwa muuzaji anayewazalisha mwenyewe. Watoto wasitumwe kuwaokota mtoni wala bwawani. Wako konokono wa maji matamu wanaobeba vijidudu vya kichocho, na ugonjwa huo tunao Kwale, Kilifi na Tana River. Konokono mmoja asiyelipiwa hata senti aweza kuleta gharama ya hospitali.

Na hata akipatikana samaki mwema, hawezi kushindana na jua. Mwani huota kwa mwanga na kwa chakula kilichosazwa. Maji yenyewe yakiwa kijani kama supu ya mchicha, hakuna samaki wa kuyasafisha, na utando wa kijani-buluu unaonuka hakuna wa kuula. Sisi tuliliondoa tangi dirishani, taa tukaipunguza hadi saa 7 kwa siku, na chakula kikawa kile kinachokwisha kwa dakika 2. Kila Jumamosi hutoa robo ya maji na kutia mengine. Ya bomba huyalaza kwanza ndooni usiku mzima ili dawa ipungue nguvu.

Kitambaa hatukukiepuka. Mwanetu hufuta kioo cha mbele kwa sponji isiyowahi kuguswa na sabuni, kioo cha nyuma huwaachia moli wake watatu. Majina yao ameyabandika ukutani, na chini ya kila jina ameandika kwa mkono wake urefu ambao samaki huyo atafikia.