Idhini ya Dola na Safari za Ndege za Kigeni: Mfano wa Minofu ya Sangara ya Mwanza

Makala haya yanafafanua kwa nini shirika la ndege la kigeni haliwezi kuanzisha safari za Mwanza kwa sababu tu shehena ipo. Ibara ya 6 ya Mkataba wa Chicago wa 1944 inazuia safari za kimataifa za ratiba bila idhini ya dola husika. Kwa hiyo, serikali mbili hukubaliana kwanza kuhusu njia na idadi ya safari, ndipo Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) hutoa kibali.

Makubaliano hayo hufuata msingi wa nipe nikupe. Januari 2024, Kenya ilipoinyima Air Tanzania haki ya tano, yaani kubeba mizigo kati ya Nairobi na nchi ya tatu, TCAA ilitangaza kusitisha safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam kuanzia tarehe 22. Mvutano ulimalizwa kabla ya siku hiyo.

Minofu ya Mwanza imekuwa ikipelekwa kwa malori hadi Nairobi ili ipakiwe katika ndege za Ulaya. Hivyo, kukarabati kiwanja pekee hakutoshi. Sharti shehena ya ziwa iwe hoja katika majadiliano ya haki za anga.