Je, Wajua? Maji Hushuka Mlima kwa Hesabu

Je, wajua kuwa kwenye nchi ya vilima kama Kabanga, wilayani Kasulu, maji yanaweza kufika bombani bila pampu wala umeme? Huo ni mfumo wa mserereko: chanzo kikiwa juu ya makazi, uzito wa maji wenyewe huyasukuma.

Kila mita 10 za kimo huongeza presha ya takriban kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Chanzo kikiwa mita 150 juu ya kijiji, maji yakisimama bombani presha hufika kilo 15, inayotosha kupasua bomba jepesi. Kwa hiyo wahandisi huweka matangi ya kupunguza presha njiani.

Hesabu hizo hufundishwa Chuo cha Maji, Ubungo, kilichoanzishwa mwaka 1974. Chuo Kikuu Ardhi nacho hufundisha uhandisi wa mazingira, ikiwemo kutibu maji na majitaka.

Wahitimu wa vyuo hivyo huhitajika RUWASA, wakala ulioundwa mwaka 2019 kusimamia maji vijijini. Kazi haiishii kwenye bomba: hata maji maangavu hupimwa vijidudu, na yakitiwa dawa, klorini inayobaki hupimwa pia.