Kuipiga Kigali Picha Jioni Bila Kuigusa Kamera

Kigali ni mji wa vilima na mabonde, na kwa sababu hiyo wampa taabu mpiga picha. Jua linapokuchwa, mbingu ingali na mwanga mwingi, lakini bondeni giza limekwisha kuingia. Jicho laona vyote viwili, kwa kuwa hujirekebisha kila tunapotazama mahali pengine. Kamera haiwezi. Ukiipimia mbingu, nyumba za bondeni hutoka nyeusi kama makaa. Ukilipimia bonde, mbingu hutoka nyeupe tupu.

Dawa yake ni ya zamani. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha za bahari kwa vioo viwili, kimoja cha mawingu na kimoja cha maji, akaviunganisha katika karatasi moja. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik walieleza hesabu ya kuunganisha picha za namna hiyo kwa kompyuta.

Tuseme twataka kulipiga kuba la Kigali Convention Centre, lililofunguliwa mwaka 2016, ambalo usiku huwashwa taa za rangi. Twahitaji picha tatu. Shata ifunguke kwa 1/60 ya sekunde, kisha 1/15, kisha 1/4. Kila mara mwanga uingiao ni mara nne ya ule uliotangulia. Badili muda tu. Ukibadili tundu la lenzi, vitu vya karibu na vya mbali havitakuwa wazi sawasawa katika picha zote, na kompyuta itaviunganisha vibaya. Fokasi na ISO navyo viachwe vilivyo.

Lakini kuna adui mmoja, nao ni mkono wako. Hata kamera ikiwa juu ya stendi ya miguu mitatu, ukibonyeza kifungo yatikisika kidogo, na ukizungusha gurudumu la muda yasogea. Kingo za kuba zitaonekana mbili mbili! Kwa hiyo yafaa kuiamuru kutoka mbali: kwa simu, ikiwa kamera ina Wi-Fi, au kwa kompyuta na waya wa USB. Iko programu ya bure iitwayo gPhoto inayoweza kuamuru kamera nyingi, hata za zamani. Wachagua muda, wapiga, waitazama picha. Ikiwa mbingu bado ni nyeupe, waongeza moja ya 1/250.

Kamilisha matayarisho kabla ya saa kumi na mbili jioni. Sisi tu karibu na ikweta, na mwanga mzuri hudumu dakika kama 20 tu.

Katika kuunganisha, wengine huzidisha mno, hata mbingu ikapata rangi ambazo Rwanda haijapata kuziona. Tena pikipiki za abiria hazimngoji mtu: moja yaweza kutokea mahali patatu barabarani kama mzimu. Hapo, kwa sehemu ile ya barabara, tumia picha moja tu kati ya zile tatu.