Pumu ya Mtoto: Mvue Shati Utazame

Wazazi wengi wa watoto wenye pumu husikiliza mlio. Kifua kikipiga filimbi, wanajua mtoto amebanwa. Filimbi ikinyamaza, nao wanashusha pumzi. Kusikiliza ni kuzuri, lakini sikio peke yake hudanganya. Mtoto anaweza kuwa hoi huku kifua chake kiko kimya.

Pumu inapoamka, misuli inayozunguka mirija ya hewa hujikaza, kuta za mirija huvimba, na makohozi mazito huziba upenyo uliobaki. Hewa inayojipenyeza humo ndiyo inayotoa mlio, hasa mtoto anapotoa pumzi. Mirija ikizidi kubana, hewa inayopita huwa kidogo mno, na mlio hupotea. Kwa hiyo filimbi ikikoma ilhali mtoto bado anahangaika, msifurahi. Hali imezidi kuwa mbaya.

Ndiyo maana nawaambia wazazi watumie macho. Mvue mtoto shati, mkalishe penye mwanga, kisha tazama kati ya mbavu, kwenye chembe cha moyo, kwenye kishimo cha chini ya koo na juu ya mitulinga. Ngozi ya sehemu hizo ikididimia kila anapovuta hewa, mtoto anapumua kwa nguvu zisizo za kawaida. Mdogo hutanua tundu za pua, na kichwa chake hupanda na kushuka kwa kila pumzi. Mkubwa huketi ameinama mbele, mikono magotini, mabega juu, na hukataa kulala chali.

Kisha hesabu pumzi, kifua kupanda na kushuka ikiwa ni moja. Hesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, kwa kuwa kilio na homa huongeza kasi. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni 40 au zaidi. Aliyevuka umri huo akizidi 30 naye anahitaji kuangaliwa. Nimonia nayo huleta kasi hiyo na kudidimia huko kwa kifua, kwa hiyo mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali, awe na pumu au asiwe nayo.

Mzungumzishe pia. Muulize amecheza nini leo. Akikatiza kila baada ya neno moja au mawili ili avute hewa, amebanwa vibaya. Kwa mtoto mchanga, titi litakwambia: hunyonya kidogo, huachia aheme, hurudi, huachia tena. Rangi nayo husema, ila kwa ngozi nyeusi usiitafute shavuni. Fungua mdomo utazame ulimi, ufizi na ndani ya midomo, kama vimekuwa vya kijivu au samawati. Usingoje dalili hiyo, maana huchelewa.

Kuna pia kubanwa kunakokuja polepole, na mtoto hakulalamikii kwa sababu hajui kwamba wenzake hawapumui hivyo. Aliyekuwa mshambuliaji sasa anaomba kudaka. Anakohoa usiku wa manane au kuelekea alfajiri. Akicheka sana, kicheko kinageuka kikohozi. Haya si uvivu wala mafua yasiyoisha. Mpeleke kliniki kabla hajabanwa vibaya.

Akibanwa, mkalishe wima, legeza nguo, mtoe kwenye moshi wa jiko. Mpe pampu yake ya kufungua kifua kwa kiasi alichoandikiwa na daktari, mpulizo mmoja mmoja, kupitia chombo cha kuvutia dawa. Kama hamna chombo hicho, chupa safi ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako tundu linaloshika pampu vizuri, huifanya kazi hiyo. Jaribio lililofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 1999 lilionyesha hivyo. Usimfukize, maana mvuke haufungui mirija na maji ya moto huunguza. Dawa ya maji ya kikohozi nayo haitamsaidia hapo.

Ondokeni kwenda hospitali mara moja iwapo kifua kinadidimia, hawezi kuongea wala kunyonya, mdomo umebadilika rangi, au amechoka hadi anasinzia. Mtoto aliyekuwa akihangaika kisha akalegea ghafla asiachwe eti amepata usingizi. Nendeni pia pampu isipomsaidia, au akibanwa tena kabla ya saa 4 kupita tangu aitumie. Mkiwa njiani, endeleeni na dawa kama mlivyoelekezwa.

Yote haya ni rahisi kwa mzazi anayemjua mtoto wake akiwa mzima. Basi usiku wa leo, akiwa amelala vizuri, inua fulana yake, tazama mbavu zinavyokwenda, hesabu pumzi za dakika moja, na uandike idadi hiyo kwenye daftari lake la kliniki. Siku akibanwa, utakuwa na cha kulinganisha, na daktari atakuuliza hilo hilo.